Kijiko Kifudifudi

Msoma mita za maji alikuwa na vitu vitatu katika mfuko wa shati: kalamu, tochi ndogo ya kumulikia mita zilizomezwa na magugu, na kijiko. Kalamu na tochi ni mali ya idara. Kijiko kilikuwa chake, cha chuma kizito, na kwa kijiko hicho aliutawala mtaa kuliko wakubwa wote waliowahi kuchaguliwa kuutawala.

Ilikuwa hivi. Kila asubuhi alipita mlango kwa mlango, akiinama kwenye vishimo, akifuta tope kwenye kioo cha mita kwa kidole gumba, akiandika namba. Njaa ikimshika mahali, papo hapo hula. Leo kwa mama wa supu, kesho kibanda cha chai, keshokutwa duka la mikate. Huchomoa kijiko, hukifuta kwa leso, hula mara tatu bila kutikisa uso, kisha hukilaza mezani. Kikilala chali, chakula kizuri. Kikilala kifudifudi, mwenye hoteli akatafute kazi nyingine. Hata mkate, ambao hauliwi kwa kijiko, yeye huugonga ganda kwanza kama daktari agongaye goti la mgonjwa, husikiliza, ndipo huumega.

Watu wazima wenye ndevu zao walichungulia madirishani kabla ya kuingia kula.

"Kimelalaje leo?" kinyozi alikuwa akiuliza, wembe ungali mkononi na mteja ana povu nusu ya shavu.

"Kifudifudi."

"Basi mimi nashinda na njaa."

Wakamwita Kijiko, naye akalipenda jina kuliko lile alilopewa na wazazi.

Kugeuza tu hakukumtosha. Kila kijiko kilicholala kifudifudi kilifuatwa na maneno, na maneno yenyewe ndiyo yaliyoua. Ulimi hauna mfupa, lakini wa huyu bwana ulikuwa na msumari. Supu ya mama wa supu aliisema hivi: "Ng'ombe alipita tu humu, akanawa miguu, akaenda zake." Chai ya kibandani: "Maji yaliyosikia habari za majani." Wali wa hoteli ya kona: "Umepikwa na mtu mwenye kesi." Mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu, na aliyechekwa alicheka pia, maana afanyeje? Usipocheka, wanasema umekasirika, na mpishi aliyekasirika nani atakula kwake?

Kulikuwa na mwokaji mmoja mzee, mjane, tanuri lake mkabala na kituo cha mabasi. Siku moja Kijiko aliugonga mkate wake, akausikiliza, akasema, "Mkate huu ukimpiga nao mwizi, atakayeshtakiwa ni wewe." Wiki mbili watu walikuwa wakipita dukani kwa mzee na kupaza sauti, "Mwizi! Mwizi! Leteni mkate!" Wiki ya tatu mzee akafunga. Siku hizi anashona miavuli, amekaa juu ya ndoo, ng'ambo ya barabara, ameuelekea mlango wake mwenyewe uliofungwa. Mvua isiponyesha hana kazi, anautazama tu.

Kijiko hakukosa usingizi. "Mimi ni kama mita," alisema. "Mita haikuchukii. Mita haina ndugu. Inasoma kilichopita, basi."

Nyumbani tu ndiko kijiko hakikutolewa mfukoni. Mwaka wa kwanza wa ndoa mkewe alimuuliza, kama mke yeyote, "Chakula kikoje?" Naye akamjibu, "Usiulize swali ambalo utalala na jibu lake."  Mke akapika miaka thelathini na moja bila kuuliza tena.

Sasa sikia. Mwaka ule ikamjia homa, homa ya kitanda hasa, wiki mbili nzima. Ilipompa nafasi ya kukaa, mkewe akamletea chai. Akapiga funda. Akatazama ndani ya kikombe. Akapiga funda la pili.

"Umeweka sukari?"

"Vijiko viwili, kama siku zote."

Alisubiri mke atoke, akajivuta mpaka jikoni. Akalamba sukari, hakuna. Akalamba chumvi, hakuna. Akatafuna pilipili nzima, machozi yakamtoka, lakini yalikuwa machozi ya kuwashwa tu kama ya mtu aliyeingiwa na vumbi, ladha hakuna. Akanusa sabuni, akanusa mafuta ya taa, vyote sawasawa na ukuta. Ulimi ulikuwa umekufa mdomoni, na yeye ndiye aliyeibeba maiti.

Daktari akamwambia, "Ladha kwa wengine hurudi, kwa wengine hairudi. Halafu presha yako imepanda. Chumvi basi." Neno la ulimi Kijiko alilimeza palepale. Neno la chumvi alilipata mkewe, aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi, na tangu siku ile sufuria ya nyumbani haikuona chumvi tena. Mke alingoja malalamiko. Siku ikapita, wiki ikapita. Mume anakula, anafuta mdomo, anaondoka. Mke akaona, akaweka moyoni.

Je, Kijiko akastaafu kijiko? Thubutu! Mtu aliyezoea kufutiwa kiti na kuwekewa pande nene la nyama hawezi kurudi kuwa mtu wa kawaida kwa sababu ya jambo dogo kama ukweli. Tena kazi yake ilikuwa imemfunza dawa. Msoma mita akikuta mita iliyokufa, kioo kimepasuka au mshale umeganda, harudi ofisini mikono mitupu. Anaangalia nyumba ina watu wangapi, bustani ikoje, kamba ya nguo imeanikwa nini, halafu anaandika namba ya kukisia. Jina lake makadirio. Yanakubalika kabisa.

Basi akala kwa makadirio. Akawa anachelewa makusudi, afike wenzake wakiwa katikati ya kula. Anasoma nyuso. Nani anaongeza, nani anasukuma sahani, nani anakunywa maji upesi. Masahani yakirudi jikoni yamelambwa, kijiko chali. Yakirudi na mabaki, kifudifudi, na mzaha juu. Miezi minane hakuna aliyemshtukia.

Mara moja tu alikosea. Alifika kwa mama wa supu mapema, hakuna wa kumsoma uso, na supu ilikuwa ya jana, imechacha mpaka inatoa mapovu. Akala mara tatu. Akakumbuka kwamba mwezi uliopita alimponda, akaona leo ni zamu ya rehema. Kijiko chali.

Mama wa supu mwenyewe alikuwa njiani kwenda kuimwaga. Akasimama na sufuria mkononi.

Wateja wakaingia. Kinyozi akaonja, akakunja uso, akatazama kile kijiko kilivyolala chali kama mfalme, akakunjua uso. "Ina ukali fulani," akasema, "ukali wa kitaalamu." Wote wakaitikia. Wakaimaliza, wakaomba nyingine, na usiku huo vyoo vya mtaa vilikesha. Hakuna aliyeilaumu supu. Kila mtu aliona aibu kwamba tumbo lake ni la kishamba.

Hapo Kijiko akajua kwamba hahitaji ulimi kabisa. Wao ndio waliokuwa wameupoteza.

Mwezi wa tisa binti yake akarudi. Mtoto wa pekee huyo. Miaka saba alikuwa mji mwingine, akikanda unga katika jiko la hoteli kubwa, mikono imekuwa migumu kama ya seremala, uso umebaki ule ule wa utotoni, uso usiojua kuficha. Akiwa mdogo, akivunja kikombe, mama yake hakuhitaji kuuliza. Alimtazama tu usoni akaenda kuchukua ufagio. Sasa amekuja na jambo moja kichwani: duka lake mwenyewe la mikate. Akalikodi lile lile la mkabala na kituo, lenye tanuri la mzee wa miavuli. Tanuri ni zuri, alisema, ni la matofali ya kale, linashika moto siku mbili. Mzee mwenyewe alivuka barabara kumwonyesha jinsi ya kulipasha. Alimwonyesha kwa upole, kisha akarudi kwenye ndoo yake.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, binti akamjia baba yake.

"Baba, kesho nakuomba kijiko chako."

"Mita haina ndugu, mwanangu."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka. Usinipendelee. Ukinipendelea watajua, nitakufa kwa kusifiwa. Nisomee kama ulivyowasomea wengine."

"Nitakuja saa tano tano hivi, wenzangu wakishaanza."

"Aka! Wewe ni baba yangu. Nani atakula mkate wangu kabla yako? Utakula wa kwanza, mbele ya watu wote."

Kijiko akakohoa. Akasema miguu inamuuma. Akasema huenda kazini wakamwita. Binti akacheka, akamshika mkono, akambusu kiganja. Ilikuwa heshima, na heshima huwezi kuikataa bila kutoa sababu.

Asubuhi mtaa ulijaa mlangoni. Mikate imepangwa juu ya mbao, rangi ya ngozi ya simba anayeota jua, harufu yake imewatoa watu vitandani. Kinyozi yupo, mama wa supu yupo, ng'ambo mzee wa miavuli amesimama kwa mara ya kwanza tangu afunge. Mke wa Kijiko amejibanza karibu na mfuko wa unga. Hakuna aliyekula hata chembe. Wote wanamngoja mmoja.

Binti akaleta sahani yenye mkate mdogo, ameuoka peke yake pembeni ya ile mingine. "Karibu, baba."

Akaugonga ganda. Lililia vizuri, lakini ganda la mwokaji mzee nalo lililia vizuri siku ile, mtaa haujui. Akaumega. Akatia mdomoni. Akatafuna. Ilikuwa kama kutafuna godoro. Akazungusha macho kutafuta uso wa kusoma, na nyuso zote, jamani, zilikuwa zinamsoma yeye.

Hapo alikuwa na mambo mawili mkononi, jina lake na tanuri la mwanawe, na mkono wenyewe ulikuwa mmoja. Akapima hivi: nikikilaza chali na mkate ni mbaya, watasema mzee ameuza kijiko kwa damu yake. Hata ukiwa mzuri, watasema hivyo hivyo. Anayesifu huulizwa sababu. Anayeponda huaminiwa papo kwa papo, na akimponda mwanawe, basi, ataaminiwa mpaka kaburini.

Akakilaza kifudifudi.

Watu wakavuta pumzi. Bado maneno, wanayadai. Akayatoa: "Mkate huu umemfuata baba wa mwokaji. Sura ipo, kifua mbele, ndani hamna kitu."

Kicheko kikaruka mpaka barabarani. Binti alisimama na kisu cha mkate mkononi, masikio yanawaka. Lakini alikuwa ameomba ukweli, na mwenye kuomba mvua hakimbii matope.

"Sawa, baba. Nimekosea wapi? Niambie nirekebishe."

Angesema "jifunze mwenyewe" yangeisha. Lakini mwenye sifa hashindwi jibu. "Chumvi," akasema. "Umezidisha chumvi, mpaka meno yanauma."

Karibu na mfuko wa unga, mke wake akainua kichwa taratibu.

Uso wa binti ukabadilika, na uso ule hauna kificho. "Baba, huo wako sikuutia chumvi. Hata chembe. Mama alinikataza, kwa ajili ya presha yako. Nimekuokea peke yako."

 Kinyozi akamtazama mama wa supu, na mama wa supu, nadhani, akaikumbuka ile sufuria.

"Basi ni jasho lako," Kijiko akasema, na wawili watatu wakacheka, lakini kicheko kilikosa miguu.

Binti akaweka kisu chini. Akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya chai, vimefanana, vyote vinatoa moshi. Akaviweka mbele yake. 

"Kimoja nimetia sukari vijiko viwili. Kimoja nimetia chumvi vijiko viwili. Niambie, baba, mbele ya watu hawa. Cha chumvi ni kipi?"

"Unamtahini baba yako?"

"Nauliza tu. Mita haina ndugu."

Lo! Watu wakasogea mpaka mbao za mikate zikalia. Mtoto mchanga angejibu swali lile kwa funda moja. Kijiko akavitazama vikombe, vikamtazama. Akajua akinyanyua ovyo, ni sarafu hewani. Basi akafanya kazi aliyoizoea miezi minane. Akainyoosha mikono polepole, macho hayako kwenye vikombe. Yako usoni kwa binti yake.

Kidole kikagusa kikombe cha kushoto. Uso wa binti, kimya.

Kidole kikahamia cha kulia, akakinyanyua, akakipeleka mdomoni. Na binti, ambaye usiku kucha alikuwa amefikiria presha ya mzee huyu mpaka akamwokea mkate wa peke yake, hakuweza. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, vidole vikafunguka, kama mtu anayetaka kumzuia mtoto asiguse moto. Haukufika mbali. Ulirudi. Lakini Kijiko alikuwa ameshausoma.

Akapiga funda, akaliacha likae, akalitema sakafuni kwa kishindo, akapangusa ulimi kwa leso, akakohoa kama mtu anayekufa.

"Chumvi ya kuhifadhia maiti!" akanguruma. "Mwanangu, unataka kuniua?"

Mtaa ukalipuka. Wakampigia makofi, wakambeba begani nusu ya barabara. Na ukishajua kwamba baba anaijua chumvi, mengine yanajipanga yenyewe: kumbe mkate ulikuwa na chumvi kweli. Kumbe binti ni mwongo. Tena mwongo aliyemnywesha babake mzazi chumvi hadharani, mzee wa presha. Walionyakua vipande vya ile mikate mingine wakavitafuna, wakatikisa vichwa: "Kweli bwana, chumvi kali." Mkate ulikuwa mtamu, mimi nakwambia. Ulikuwa mkate mtamu kuliko wote uliowahi kutoka kwenye tanuri lile. Waliula wote, hawakubakiza, na walikuwa wanautemea maneno huku wakilamba vidole.

"Mtoto anayemfanyia babake vile," mama wa supu alisema, "sisi atatulisha nini?"

Hakuna aliyerudi kesho yake. Kwa siku kumi na moja binti alioka asubuhi, na jioni alimpelekea mzee wa miavuli mikate yote katika gunia, mzee akawagawia kunguru, maana naye hakuthubutu kuonekana anaila. Siku ya kumi na mbili akaacha tanuri lipoe.

Alipoondoka alibeba sanduku lile lile alilojia nalo. Alimkumbatia mama yake mlangoni kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa amekaa kibarazani, kijiko kimechungulia mfukoni. Binti akampita bila shikamoo. Kwa mazoea ya miaka yote, mzee akajibu, "Marahaba," na neno likabaki kibarazani peke yake.

Mchana huo mkewe akapakua. Sahani moja tu. Akaiweka mbele yake, naye akakaa upande wa pili, mikono juu ya mapaja, hali.

"Wewe huli?"

"Nimeshiba."

Kijiko akala. Kama siku zote, kitambaa tu mdomoni. Mara ya tatu alipoinua kichwa, alimkuta mkewe bado anamtazama.

"Chakula kikoje?" mke akauliza.

Miaka thelathini na moja hakuwa ameliuliza swali hilo. Kijiko akaacha kutafuna. Akafanya anachokijua: akamtazama usoni, amsome. Akasoma macho, akasoma mdomo, akaisoma mikono ile mapajani. Binti alikuwa amerithi uso kwa mtu mwingine, siyo kwa huyu. Uso huu ulikuwa mlango uliofungwa kwa ndani. Akatazama sahani, akaigeuza kidogo kwenye mwanga. Mchuzi ulikuwa na rangi ya mchuzi. Akauinamia, akavuta pumzi yote ya kifua. Hakuna.

Angeweza kusema, mke wangu, mimi ladha sina, niambie umetia nini humu. Maneno hayo yalimfika kooni, yakakuta jina lake limekaa palepale, yakarudi chini pamoja na tonge.

"Toa kijiko chako cha mfukoni," mkewe akasema. "Hapa hakijawahi kulala."

Akakitoa.  Akakilaza mezani, chali kabisa.

Mkewe akakitazama kijiko kile, akaichukua sahani, akasimama.

"Haya," akasema. "Kesho nitaongeza."

"Utaongeza nini?"

"Kile kile ulichokipenda."